Laptopu inachukua dakika sita kuwaka: kwa laki moja na nusu ninunue SSD ipi? Niko Kigoma

#1 Mgebuka Mkavu

Wakuu, habari za jioni. Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma. Kazi ni zile zile mnazozijua: kuchapa barua, kutoa kopi, kuwajazia vijana maombi ya mkopo wa chuo na ya ajira, na mitihani ya shule mbili tatu za jirani. Mashine ni HP EliteBook 840 G1, Core i5 kizazi cha nne, RAM GB 4, diski ya kuzunguka ya GB 500. Niliinunua ya mtumba.

Asubuhi naiwasha, nafagia nje, namwagiza mama ntilie chai, chai inafika, ndiyo kwanza inaniomba nenosiri. Jana nilipima kwa saa: dakika sita na sekunde kumi mpaka Word ifunguke. Task Manager, kile kidirisha cha Windows kinachoonyesha nini kinatumika, inasema diski 100% na mimi sijagusa kitu. Msimu wa maombi vijana wanapanga foleni mpaka barazani. Mtandao unakuwa mzuri, ila mashine ndiyo inatutia aibu.

Nimeambiwa dawa ni SSD, ile diski isiyozunguka. Nikaanza kuulizia, nikakutana na SATA, M.2, NVMe, mara 2280. Kuna jamaa mtandaoni ana NVMe ya GB 512, anasema hakuna yenye mbio kuizidi, anatuma kwa basi. Mwingine ana TB 2 kwa elfu tisini. Bajeti yangu ni laki na nusu, nauli ya mzigo humo humo. Huku ni mwisho wa reli, si Kariakoo kwamba nikikosea kesho narudi dukani kubadilisha. Nisaidieni kabla sijatuma hela.

#2 Chumvi ya Uvinza

Natandika mkeka hapa, maana na yangu ni nzito kama hiyo. Halafu hiyo 100% si maana yake diski imejaa? Mimi nilifuta muvi zote na bado ikasoma 100%. Zile muvi hadi leo zinaniuma.

#3 Mnyanyembe

Mwangaluka kutoka Tabora. Mgebuka, usitume hata shilingi, kwanza sikia yaliyonikuta.

Nilikuwa na ThinkPad T450. Nikasoma kwamba NVMe inasoma MB 3,500 kwa sekunde na SATA 550. Nani achukue 550 wakati 3,500 ipo? Nikatuma hela Dar, mzigo ukapanda basi, nikaupokea stendi usiku, nikafika Ipuli nikafungua mashine kwa mbwembwe, watoto wamenizunguka na tochi. Hiyo NVMe ni kijiti chenye urefu wa sentimita nane. Tundu lililomo ndani ni la kijiti cha milimita 42, nusu yake. Na hata kingeingia ingekuwa kazi bure, maana tundu lenyewe halijui NVMe ni kitu gani. Nikarudishia mfuniko taratibu. Mke wangu akauliza, "Imeshakuwa na kasi?" Nikajifanya sijasikia.

Aliyeniuzia hakunidanganya, alinipa nilichoagiza. Kijiti nikakinunulia kesi ya USB na sasa kinabeba video za harusi. Mashine yako ya 2013 au 2014 ni ndugu wa ile yangu. Ifungue kwanza uone ina nini ndani.

#4 Fundi Sekta

Mnyanyembe kamaliza sehemu kubwa. Niongeze, maana haya majina yanachanganya watu kila siku hapa mezani kwangu.

M.2 ni umbo tu. Kile kijiti chembamba. Namba ya 2280 maana yake upana milimita 22, urefu 80. Kuna 2260, 2242, 2230. Sasa ndani ya umbo hilo hilo kuna zinazopita njia ya SATA, ile ile ya diski za zamani, na kuna za NVMe zinazopita PCIe, njia yenye mbio zaidi. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Tofauti ya haraka ni pengo kwenye meno: nyingi za SATA zina mapengo mawili, nyingi za NVMe zina moja. Nimesema nyingi. Usiape kwa pengo, soma lebo.

Kwa 840 G1 yako habari ni fupi. Diski iliyomo ni ya SATA, inchi 2.5. Unatoa hiyo, unaweka SSD ya SATA ya inchi 2.5 yenye unene wa milimita 7, kwenye tundu lile lile. Humo ndani kuna na katundu ka M.2 kafupi ka milimita 42, kasikutamanishe. NVMe ya jamaa yako haiingii.

Chumvi, pole kwa muvi zako. Ile 100% ya Task Manager ni muda, siyo ujazo. Inakwambia diski haina hata sekunde ya kupumua. Diski ya GB 500 inaweza kuwa tupu nusu nzima na bado ikasoma 100%.

#5 Chumvi ya Uvinza

Kwa hiyo nilifuta bure?

#6 Fundi Sekta

Bure kabisa, kaka.

#7 Kijana wa Gungu

Mnamzungusha mzee wa watu. Tatizo ni RAM. GB 4 na Chrome yenye tabo kumi, hata uweke SSD ya dhahabu itakwama. Aongeze RAM mpaka 8, elfu ishirini na tano ya mtumba, mchezo umekwisha.

#8 Mnyanyembe

Hapo nakubali nusu. RAM ikijaa Windows inahamishia mizigo kwenye diski, na diski ya kuzunguka ndiyo inakufa hapo. Lakini yeye analalamika kuhusu kuwaka. Mashine inapowaka hakuna hata tabo moja iliyofunguliwa.

#9 Fundi Sekta

Gungu, nilifanya hilo jaribio kwa mashine ya mwalimu mmoja wa Kasulu. Nilimpa RAM 8, nikaacha diski ya zamani. Tabo zikawa nyepesi, kuwaka kukabaki dakika nne na ushee. Akarudi nayo analalamika, na alikuwa na haki.

Ona sababu. Diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 kwa dakika, na kuna mkono unaokwenda huku na huku kutafuta data. Mzunguko mmoja ni milisekunde 11. Kila kafaili kanakohitajika, mkono uhame, kisha sahani izunguke mpaka sehemu husika ipite chini yake. Kwa mwendo huo unapata safari chini ya mia moja kwa sekunde. Windows inapowaka inataka vifaili vidogo maelfu kwa maelfu vilivyotawanyika. Ni kama muuza dagaa wa Kibirizi anayetumwa kilo moja moja, kila kilo aende ziwani arudi. SSD haina mkono wala sahani, inafika popote kwa takribani sehemu ya kumi ya milisekunde.

Ndiyo maana hata zile 550 na 3,500 zisikupe presha. Hizo ni kasi za kuhamisha faili moja kubwa kwa mfululizo, mfano video ya GB 20. Wewe unachapa barua. Kutoka diski ya kuzunguka kwenda SATA utapiga kelele. Kutoka SATA kwenda NVMe, kwa kazi yako, ungehitaji saa ya mkononi ili uone tofauti.

Kwa hiyo SSD kwanza. Hela ikibaki, RAM. G1 ina matundu mawili ya RAM ya aina ya DDR3L, mwisho GB 16. Iwe DDR3L yenye hiyo L, ya volti 1.35. Si DDR4.

#10 Mzee wa Mawese

Vijana, mimi nauliza swali moja. Windows 10 Microsoft walishaacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 rasmi inataka Intel kizazi cha nane kwenda juu na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Huyu ana kizazi cha nne. Kwa nini amwage laki na nusu kwenye mashine iliyostaafu? Si adunduize anunue nyingine?

#11 Mgebuka Mkavu

Shikamoo mzee. Swali zuri na hata mimi limeninyima usingizi. Ila nyingine ya kizazi cha nane nimetajiwa laki sita, na msimu wa maombi unaanza na hii hii. Nikisubiri nidunduize, vijana watahamia kwa jirani.

#12 Mzee wa Mawese

Marahaba. Basi hapo nimekuelewa. Ila nyaraka za wateja usiziache humo, na mambo ya benki yafanyie simu.

#13 Fundi Sekta

Mzee hoja yake ni ya kweli, na inabadilisha kitu kimoja: usinunue kubwa. Wengi hujipa moyo kwamba SSD watahamia nayo kwenye mashine ijayo. Laptopu nyingi za sasa hazina tena nafasi ya inchi 2.5, ni M.2 tu. Hiyo ya SATA itakuja kuishia kwenye kesi ya USB kama kijiti cha Mnyanyembe. Kwa hiyo chukua GB 240 au 256. Ya 120 epuka: Windows, Office na masasisho vikishakaa unabaki unahesabu GB kama mafuta ya taa.

#14 Dada wa Kiloleni

Habari zenu. Na mimi niko Tabora, napita na onyo. Watu wanaimba kasi tu, hawasemi SSD inavyokufa. Diski ya zamani inaumwa kwanza: inagonga, inakwaruza, inaganda, unapata wiki mbili za kuhamisha vitu. SSD yangu ilizimika asubuhi moja nikiwa mwaka wa tatu, jana yake jioni nilikuwa nachapa vizuri tu. BIOS, ile programu inayoamsha mashine kabla ya Windows, ikasema hakuna diski. Utafiti wangu ulikuwa humo, sura nne. Fundi wa kwanza, wa pili, hakuna kitu. Nilichapa upya kutoka kwenye nakala ya karatasi aliyokuwa nayo msimamizi wangu, yenye wino mwekundu kila mstari.

Hata faili ulilofuta kwa bahati mbaya, kwenye diski ya zamani lilikuwa linafufuka. Kwenye SSD kuna TRIM: ukifuta na kumwaga pipa, Windows inaiambia SSD hizo sehemu hazina kazi tena, nayo inazisafisha. Hapo programu za kufufua hurudi mikono mitupu mara nyingi.

#15 Mnyanyembe

Pole dada. Ilikuwa mpya au ya mtumba?

#16 Dada wa Kiloleni

Niliuziwa kama mpya, ndani ya boksi. Baadaye ndiyo nikajua kuna programu inaitwa CrystalDiskInfo inayoonyesha saa ambazo diski imekaa ikiwaka. Ningeijua siku ile nisingekubali, maana boksi lilikuwa limeshafunguliwa.

#17 Fundi Sekta

Asante dada, hilo la CrystalDiskInfo ndilo nilitaka kufika. Mgebuka, mwambie muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake, akupigie picha ya hiyo programu ikionyesha jina, ujazo na saa. Mpya inasoma saa sifuri au chache sana. Akikataa, kuna wauzaji wengine.

Sasa ile TB 2 ya elfu tisini. Kimbia. Ndani ya zile kuna kadi ya kumbukumbu ndogo, pengine GB 64, imepangwa iidanganye Windows kwamba ni TB 2. Unaweka vitu, vinaonekana vipo, ikishavuka ujazo wake wa kweli inaandika juu ya vya zamani. Unakuja kufungua picha, nusu ni kijivu. Ipo programu ya H2testw: inajaza diski nzima kisha inasoma tena kila kitu kuona kama kimerudi kama kilivyoandikwa. Inachukua saa kadhaa lakini haidanganyiki. Na msipime kwa uzito kama maembe. SSD halisi ya inchi 2.5 nayo ni nyepesi, ukiifungua unakuta kibao kidogo kwenye kona na hewa tupu, wakati feki nyingine zimetiwa kipande cha chuma ili zijisikie nzito.

#18 Kijana wa Gungu

Sawa, RAM nimesalimu amri. Jina gani sasa? Kingston, Crucial, Samsung, WD?

#19 Fundi Sekta

Kuna makundi mawili hapo. Kingston A400 na Crucial BX500 hazina DRAM yake ndani, yaani chipu ya kumbukumbu ya haraka. Samsung 870 EVO na Crucial MX500 zinayo. Hiyo DRAM ni kama mtunza stoo mwenye daftari mkononi la gunia lipi liko wapi. Asiye na daftari mkononi anatembea kulisoma ukutani kila mara. Unaona tofauti ukimwaga GB 50 kwa mkupuo: isiyo na DRAM inaanza mbio halafu inachoka. Kwa kuwasha na kuchapa huoni.

NVMe zisizo na DRAM huazima kipande cha RAM ya kompyuta, ndiyo maana haziumii sana. SATA hazina ujanja huo.

Kuhusu kuchakaa, watu wanaogopa bure. A400 ya GB 240 Kingston wameiandikia TB 80 za kuandikwa. Ukiandika GB 20 kila siku, na steshenari sidhani kama inafika hapo, ni siku 4,000. Miaka kumi na ushee. 870 EVO ya GB 250 ina TB 150 na dhamana ya miaka mitano, wakati A400 ni mitatu. Dhamana hiyo lakini ukiwa Kigoma ni ya kusoma kwenye boksi zaidi. Ningekuwa wewe ningechukua ile yenye DRAM kama tofauti ni elfu kumi na tano. Ikizidi hapo, A400 au BX500, na hela inayobaki inunue RAM.

#20 Mnyanyembe

Na kuhamisha Windows? Mimi nilitaka kunakili diski nzima kwa Clonezilla ikanigomea.

#21 Fundi Sekta

Lazima igome, Clonezilla inataka diski mpya iwe sawa au kubwa kuliko ya zamani. Kutoka 500 kwenda 240 haikubali hivi hivi. Kwa mashine iliyojaa takataka za miaka minne mimi napiga Windows upya. Flashi ya GB 8, bando la usiku la kushusha kama GB 6, basi. Leseni ya kidijitali imefungwa kwenye ubao wa mashine, haipotei kwa kubadilisha diski. Ukiunganisha intaneti inajitambua.

Kabla ya kutoa diski ya zamani, andika nenosiri zote zilizohifadhiwa kwenye kivinjari. Watu hunililia hapo kuliko popote. Kwenye BIOS, F10 kwa HP, hakikisha mfumo wa diski ni AHCI, yaani namna mashine inavyoongea na diski ya SATA. Ukitaka iwake na flashi, F9. Na G1 ni mashine ya kiungwana: unasukuma kitasa betri inatoka, unasukuma tena mfuniko wote wa chini unaachia. Bisibisi unaihitaji kwa skrubu za diski tu. Ukishamaliza usifanye difragi, ule upangaji upya wa vifaili, kama zamani. Windows itafanya TRIM yenyewe kila wiki.

#22 Chumvi ya Uvinza

Ile diski ya zamani inatupwa?

#23 Dada wa Kiloleni

Usithubutu! Kesi ya USB, iwe nakala ya akiba. Ndiyo nilichokosa mimi. Ila uipime kwanza kwa CrystalDiskInfo. Ikiwa ya njano au nyekundu, toa vyako na uachane nayo.

#24 Mgebuka Mkavu

Wakuu, mrejesho baada ya siku tisa.

Nilifungua mfuniko kama mlivyosema, nikapiga picha, nikaituma kwa muuzaji wa Dar. Nikachukua A400 ya GB 240 kwa elfu sabini na tano. Yenye DRAM ilikuwa imezidi kwa elfu arobaini, nikakumbuka sheria ya Fundi. Picha ya CrystalDiskInfo alituma bila kinyongo, saa 0. Kesi ya USB elfu kumi na mbili, RAM ya GB 4 ya mtumba elfu ishirini na tano hapa hapa Mwanga, mzigo elfu tano. Jumla laki moja na kumi na saba.

Skrubu moja ya diski iligoma, ilikuwa imeliwa kichwa. Nikaweka kipande cha mpira wa bendi juu yake, nikakandamiza bisibisi, ikalegea. Windows ilichukua dakika ishirini na mbili hivi. Kuwaka sasa ni sekunde ishirini na nne, na Word inafunguka kabla sijatoa kidole kwenye panya. Mama ntilie kalalamika kwamba siku hizi namharakisha chai.

Diski ya zamani imesoma njano. Nimetoa kila kitu, nimeiweka kabatini, sitaitegemea. Kesi ya USB inasubiri nyingine.

Sasa nina swali la mwisho na sitaki kumchafulia mtu jina. Nimelipia GB 240. Windows inaonyesha 223. GB 17 zimekwenda wapi? Nimempigia muuzaji nikamweleza kwa ukali kidogo.

#25 Fundi Sekta

Ooh, Mgebuka. Mpigie tena. Kiwanda kinahesabu GB moja kuwa baiti bilioni moja kamili. Windows inahesabu kwa 1,024 mara 1,024 mara 1,024, yaani bilioni moja na milioni 73 na ushee. Gawa 240 bilioni kwa hiyo, unapata 223. Hata ile ya zamani ya 500 ilikuwa inasoma 465, hukuwahi kuiangalia tu.

#26 Mgebuka Mkavu

Nimempigia, nimemwomba radhi. Amecheka, amesema mimi ni wa nne mwezi huu.